Kanisa moja, minara miwili: kisa cha watawa na waumini wa Wymondham

Ukilitazama kanisa la Wymondham kwa mbali, kutoka mashambani mwa Norfolk mashariki mwa Uingereza, jambo la kwanza linalokukwaza macho ni minara. Kuna mnara mkubwa upande wa magharibi, mzito, wenye pembe nne, ambao kilele chake kinaonekana kama mafundi waliondoka kabla ya kumaliza kazi. Upande wa mashariki kuna mwingine, mwembamba zaidi, ambao sehemu yake ya juu ina pembe nane. Huu wa pili ni gofu: hauna paa wala sakafu, na chini yake kuna tao refu linalofungukia uwanja mtupu. Katikati ya hiyo miwili ndipo lilipo kanisa lenyewe, ambalo ibada zake hazijakatika mpaka leo.

Hakuna mjenzi mwenye akili timamu aliyekaa chini na kuchora kanisa la namna hiyo. Umbo hili ni matokeo ya kesi. Watawa na waumini wa mji waligombania jengo moja kwa zaidi ya miaka mia tatu, na kila hatua ya ugomvi iliacha jiwe mahali fulani. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa jengo na hati kwa pamoja. Ukisoma kimoja bila kingine hutaelewa.

Kasoro ilianza mwaka 1107. William d'Albini, mnyweshaji mkuu wa Mfalme Henry I na mmoja wa Wanormandi walioneemeka baada ya Uingereza kutekwa, aliamua kujenga nyumba ya watawa kwenye ardhi yake Wymondham (wenyeji hutamka "Windam"), kiasi cha kilomita 15 kusini-magharibi mwa Norwich. Jamaa wa ukoo huo, Richard, alikuwa abate wa St Albans, mojawapo ya abasia tajiri kabisa nchini, kwa hiyo nyumba mpya ikawekwa chini ya St Albans. Haikuwa abasia inayojitegemea. Ilikuwa nyumba tegemezi inayoongozwa na priori, iliyoanzishwa kwa ajili ya watawa kumi na wawili wa shirika la Mtakatifu Benedikto. Msomaji wa Songea au Masasi hahitaji kuelezwa sana Wabenediktini ni nani. Peramiho na Ndanda ni nyumba za shirika hilohilo. Na atajua pia kwamba nyumba ya priori na abasia si kitu kimoja: abate ni bosi nyumbani kwake, ilhali priori wa nyumba tegemezi ana bosi wake kwingine.

D'Albini alitaka kanisa hilo litumiwe na watu wa aina mbili: watawa wake, na waumini wa parokia ya mji. Wazo lenyewe halikuwa geni. Kujenga kwa mawe kuligharimu mno, na ukumbi mrefu wa kanisa la watawa ungebaki mtupu kama watu wa mji wasingeutumia. Lakini mwanzilishi hakuacha mgawanyo ulio wazi wa nani ana haki gani. Kila aliyewahi kuona nyumba ya urithi ikiachwa kwa watoto bila kugawanywa anajua mambo kama haya huishia wapi: maadamu wazee wapo, kila mtu anavumilia, wakishazikwa, watu huanza kuhesabu vyumba. D'Albini alizikwa mbele ya altare kuu, na waliobaki wakaanza kuhesabu.

Kabla ya kuingia kwenye kesi, tulitazame jengo lenyewe lilivyokuwa, maana ndilo lililogombaniwa. Lilikuwa na umbo la msalaba. Mashariki palikuwa patakatifu pa watawa, kisha mikono miwili ya msalaba, na mnara wa kati juu ya makutano. Kutoka hapo ukumbi mrefu ulielekea magharibi, wenye ubavu wa kaskazini na ubavu wa kusini, na mwishoni minara miwili midogo ya pacha. Mawe ya kuchongwa yaliletwa kutoka Caen, Normandy, kwa bahari na mito, kwa sababu Norfolk haina jiwe zuri la kujengea. Ardhi yake hutoa gumegume, vile vijiwe vigumu vyeusi ambavyo vinafaa kujaza ukuta lakini havichongeki pembe.

Ukumbi huo wa Kinormandi bado upo kwa sehemu kubwa. Ukisimama ndani unaona matao ya mviringo yakiwa yamekaa juu ya nguzo nene zisizo na madoido, na juu yake safu nyingine ya matao ya mviringo, karibu mapana kama ya chini. Kwenye kingo za baadhi ya matao waashi walichonga mistari ya zigizaga, pambo walilolipenda Wanormandi kupita kiasi. Uzito wa yote hayo unashuka moja kwa moja hadi sakafuni. Wanormandi hawakuamini sana ujanja wa kihandisi, waliamini unene. Ndiyo maana nguzo zao bado zimesimama, ingawa mnara wao wa kati, kama tutakavyoona, haukuwa na bahati hiyo.

Mabishano ya watawa na waumini yalikua mpaka yakafika Roma. Mwaka 1249 Papa Innocent IV alitoa uamuzi: waumini wapewe ukumbi, ubavu wa kaskazini na mnara wa kaskazini-magharibi, watawa wabaki na sehemu nyingine zote, yaani patakatifu, mikono ya msalaba, mnara wa kati, ubavu wa kusini na mnara wa kusini-magharibi.

Wengine huuona uamuzi huo kama kigeugeu: ukumbi wa waumini, lakini ubavu wake wa kusini wa watawa? Ukiangalia ramani, mantiki inajitokeza. Bustani ya ndani ya watawa, ile iliyozungukwa na varanda wanamotembea wakisali, ilikuwa upande wa kusini. Ubavu wa kusini ulikuwa njia yao ya kutoka makazini kwenda ibadani. Kuwanyima ubavu huo kungekuwa kuwafungia mlango wa nyumba yao. Papa, au tuseme wanasheria wake, walifuata miguu ya watu. Upande wa kaskazini ulikuwa upande wa mji, ukaenda kwa mji.

Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa mzuri ukiutazama sakafuni. Udhaifu wake ulikuwa juu. Uligawa mahali pa kusimama na kutembea, lakini haukumaliza suala la sauti. Na katika mji wa Ulaya wa zama hizo, kengele ilikuwa saa, tangazo, king'ora na hati ya heshima kwa pamoja. Ililia kwa misa, kwa maiti, kwa moto. Watawa walikuwa na ratiba yao ya sala, pamoja na sala za usiku, na kengele zao zilifuata ratiba hiyo. Mkulima au mfumaji wa Wymondham alihitaji kengele inayofuata siku yake yeye. Mwenye kengele ndiye aliyeamua mji uamke saa ngapi.

Utulivu wa kadiri ulidumu zaidi ya karne moja, kisha mnara wa kati ukaanza kuwa hatari. Uliposhushwa, watawa hawakuujenga tena pale pale. Mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 15 walijenga mpya hatua chache magharibi ya makutano ya zamani, yaani kwenye ncha ya mashariki ya ukumbi. Huo ndio mnara wa pembenane tunaouona leo ukiwa gofu. Chini ni wa mraba, juu unageuka pembe nane.

Mpaka hapo watawa wana utetezi. Mnara wa kati ulikuwa wao kwa uamuzi wa 1249, na kuuhamisha kutoka kwenye msingi uliochoka ni busara ya fundi. Zaidi ya hapo, katika makanisa mengi ya Wabenediktini viti vya watawa vilivuka chini ya mnara wa kati na kuingia mwanzo wa ukumbi, hivyo wangeweza kusema kwamba hawakuchukua kitu ambacho hawakuwa wakikikalia.

Lakini mnara mpya ulihitaji nguvu, na upande wa magharibi nguvu hiyo ilipatikana kwa kujenga ukuta. Ukuta mzima, wa mawe, kutoka sakafuni hadi juu, ukikata kanisa pande mbili. Waumini waliokuwa wakitazama mashariki na kuona, walau kwa juu ya kizuizi, urefu wote wa kanisa hadi kwenye madirisha ya altare kuu, sasa walitazama mawe matupu. Na kengele zilikuwa upande wa pili wa mawe hayo.

Waumini wakajibu kwa kutundika kengele zao wenyewe katika mnara wa kaskazini-magharibi, ule waliopewa na Papa. Priori akapinga. Ikazuka vurugu, na suala likapanda hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Thomas Arundel, ambaye mwaka 1411 aliamua kwamba waumini wana haki ya kuwa na kengele zao. Arundel hakuwa mtu wa kubembeleza raia. Ndiye aliyewawinda kote nchini wafuasi wa John Wycliffe, mwanateolojia aliyepinga mafundisho ya Kanisa. Kama mtu wa aina hiyo aliwapa haki watu wa mji dhidi ya watawa, basi madai yao lazima yalikuwa mazito.

Ulinganisho na makanisa mengine unasaidia kuona ni nini hasa kilichoifanya Wymondham kuwa kisa cha pekee. Ugomvi wa watawa na parokia ulikuwa wa kawaida. Kule Sherborne, Dorset, mabishano yaliyohusu kisima cha ubatizo yaliishia kwa moto mwaka 1437: padre mmoja wa upande wa waumini alirusha mshale unaowaka, paa likashika, na mawe yaliyobadilika rangi kuwa mekundu kwa joto yanaonekana mpaka sasa. Kule Dunster, Somerset, suluhu ya 1498 iliwapa waumini upande wa magharibi na watawa upande wa mashariki, na mpaka ukawa kizuizi cha mbao zilizochongwa kwa ustadi, mojawapo ya vizuizi virefu kuliko vyote Uingereza. Mbao zina matundu. Mtu anaona na kusikia kilicho upande wa pili. Wymondham walichagua jiwe. Huwezi kujadiliana na jiwe, unaweza tu kujenga lako.

Na ndicho walichofanya. Mwaka 1448 waumini walianza mnara wao magharibi. Waliondoa minara pacha ya Kinormandi na mahali pake wakasimamisha huu mmoja mkubwa wa gumegume, wenye urefu wa futi 142 hivi, unaoupita ule wa watawa kwa unene na kwa kiburi. Fedha zilitoka mifukoni mwa watu wa eneo hilo, michango na wosia. Karne ya 15 Norfolk ilikuwa na pesa ya sufu na nguo. Kilele hakikumalizwa. Ukuta wa juu wenye meno, ambao kwa kawaida humaliza mnara wa aina hiyo, haupo.

Ningewaonea kama ningesema walijenga kwa hasira tu. Kipindi hichohicho waliinua kuta za ukumbi, wakaweka safu ya madirisha makubwa juu ya matao ya Kinormandi na kuezeka paa jipya. Paa hilo ndilo sababu ya watu wengi kwenda Wymondham leo, na linastahili. Kenchi zake zimeundwa hivi: kutoka kila ukuta linatoka boriti fupi, linaloning'inia hewani bila kuvuka hadi upande wa pili, juu ya ncha yake inasimama nguzo ya mbao, na juu ya nguzo hiyo tao la mbao linapanda kwenda kukutana na mwenzake katikati. Hivyo nafasi pana inaezekwa bila boriti moja ndefu kukatiza, na jicho linapanda bila kizuizi. Kwenye ncha ya kila boriti fupi seremala alichonga malaika aliyekunjua mabawa. Katikati ya paa, mahali mbao zinapokutana, kuna maua makubwa ya kuchongwa, kila moja kama sinia. Ubavu wa kaskazini, ambao ulipanuliwa wakati huo, nao ulipewa paa la namna hiyo pamoja na malaika wake. Zingatia: ubavu wa kaskazini, mali ya parokia.

Kwa hiyo ndani ya jengo moja una karne ya 12 chini na karne ya 15 juu. Nguzo na matao yanakuvuta sakafuni, paa linakuinua. Kinadharia ingepaswa kuwa vurugu. Kiutendaji, sijui mchanganyiko mwingine wa namna hiyo unaokaa vizuri hivi.

Mwaka uleule wa 1448 watawa nao walipata ushindi wao, ila si dhidi ya mji. Walijitoa chini ya St Albans, nyumba ikapandishwa kuwa abasia, na priori Stephen London akawa abate wa kwanza. Ndiyo sababu wenyeji hadi leo huliita kanisa hilo Wymondham Abbey, ingawa lilikuwa nyumba ya priori kwa miaka 341 na abasia kwa miaka 90 tu.

Miaka 90, kwa sababu mwaka 1538 Mfalme Henry VIII, aliyekuwa akifunga nyumba za watawa nchini kote, aliifunga. Watawa walikabidhi nyumba, na sheria ya ufungaji ilikuwa rahisi na katili: kilichokuwa cha watawa ni cha Mfalme. Madini ya risasi yaliyoezekea paa yaliyeyushwa, kengele zikauzwa kwa uzito wa shaba, mawe yakachukuliwa na aliyelipa. Sasa angalia mpaka wa uharibifu Wymondham. Patakatifu pamekwenda. Mikono ya msalaba imekwenda. Varanda na makazi ya watawa yamekwenda. Ukumbi na ubavu wa kaskazini vimebaki. Ni mstari wa 1249, karibu futi kwa futi. Papa aliyekufa karibu miaka mia tatu kabla ndiye aliyewachorea maofisa wa Mfalme mahali pa kuishia nyundo zao.

Hili ndilo ninaloona wasimulizi wengi wanalipita haraka. Ugomvi husimuliwa kama aibu, watawa na waumini wakizozana nyumbani mwa Mungu. Lakini bila ugomvi kusingekuwa na hukumu, na bila hukumu waumini wasingekuwa na hoja mwaka 1538. Ushahidi uko katika wilaya jirani za Norfolk hiyohiyo. Castle Acre na Thetford zilikuwa nyumba kubwa za priori, za Cluny, tawi la Wabenediktini lililoanzia Ufaransa, zenye makanisa ambayo hayakuwa na ukumbi wa parokia ndani yake. Thetford ilikuwa na mtetezi mzito, Duke wa Norfolk, ambaye wazee wake walizikwa humo; alijaribu kuiokoa kwa kuigeuza kuwa taasisi ya makasisi, ikashindikana, mwaka 1540 ikafungwa na makaburi ya ukoo yakahamishiwa Framlingham. Zote mbili ni magofu. Binham, nayo Norfolk, ilikuwa na ukumbi unaotumiwa na parokia. Ukumbi huo bado ni kanisa. Haki ya watu wa kawaida iliyoandikwa ilikuwa na nguvu kuliko Duke.

Ubavu wa kusini ndio unaovunja mstari. Ulikuwa wa watawa, kwa hiyo ungetakiwa kubomolewa. Waumini walikusanya fedha na kuomba kununua kutoka kwa Mfalme sehemu walizozitaka, pamoja na mnara wa pembenane, kisha wakaujenga upya ubavu huo. Hapo ndipo akaingia John Flowerdew, mwanasheria kutoka Hethersett, kijiji cha jirani, aliyekuwa wakala wa Mfalme katika ubomoaji. Alichukua risasi, mawe na vinginevyo hata kwenye sehemu ambazo watu wa mji walikwisha kulipia. Waliosimama kumpinga ni pamoja na familia ya Kett: Robert, mtengeneza ngozi mwenye ardhi, na kaka yake William, mchinjaji.

Julai 1549 watu walikusanyika Wymondham kwa sherehe ya Mtakatifu Thomas Becket, mlinzi wa pili wa kanisa lao, sherehe ambayo serikali ilikwisha kuipiga marufuku lakini mji uliendelea nayo. Kutoka hapo vikundi vikaenda kuvunja nyua zilizozungushwa kwenye malisho ya jumuiya. Walipofika kwa Flowerdew, aliwapa fedha wakavunje za Robert Kett. Kett aliwasikiliza, akawakubalia, akavunja nyua zake mwenyewe pamoja nao, kisha akawa kiongozi wao. Wiki chache baadaye alikuwa na watu wapatao 16,000 katika mbuga ya Mousehold na Norwich, mji wa pili kwa ukubwa nchini, mkononi mwake. Jeshi la Earl wa Warwick liliwavunja tarehe 27 Agosti huko Dussindale.

Uasi wa Kett ulihusu malisho na kodi kuliko kanisa, na sitaki kuuvuta kwenye mada yangu kwa nguvu. Lakini chuki ya Flowerdew na Kett ilizaliwa kwenye paa la kanisa hili, na walioamua adhabu walijua ishara. Tarehe 7 Desemba 1549 Robert alitundikwa kwenye ukuta wa ngome ya Norwich. William aliletwa Wymondham na kutundikwa kwenye mnara wa magharibi, ule ambao watu wa mji waliujenga kwa fedha zao ili wawe na kengele yao.

Abate wa mwisho, Ferrers, hakwenda mbali. Alibaki Wymondham na kuwa kasisi wa parokia, akihudumu upande wa pili wa ukuta ambao watangulizi wake waliujenga kujitenga na watu hao. Kusini mwa altare kuna kazi ya udongo wa kuchoma, yenye mapambo ya mtindo mpya wa Kiitalia wa wakati huo, inayodhaniwa kuwa kumbukumbu yake.

Ukuta wenyewe haukuondolewa kamwe. Usingeweza, kwa kuwa unabeba mnara. Ulikaa mtupu mpaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambapo msanifu majengo Ninian Comper alibuni kizuizi kirefu cha altare, safu juu ya safu za watakatifu, kiwe kumbukumbu ya waliokufa vitani. Kilipakwa dhahabu yote kufikia 1934. Wageni hudhani ni cha zama za kati na kwamba altare ndiyo sababu ya dhahabu ile. Kwa kiasi kikubwa ni pazia la kuficha mawe ya mwaka 1400 na ushei.

Ukipata nafasi ya kufika, usianze kwa mlango mkuu. Zunguka nje hadi mashariki kwanza, usimame mahali palipokuwa patakatifu, ambapo sasa ni majani, na utazame mnara wa pembenane kupitia tao lake. Kisha ingia ndani uende hadi mbele ya dhahabu ya Comper. Kati ya sehemu hizo mbili ulizosimama pana ukuta mmoja tu, na kuzunguka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa miguu hakuchukui hata dakika tano.